UZI: Wiski za Uskoti nilizoonja kiwanda kwa kiwanda, kwa pua ya Mchaga

kibo_baridi (mwenye uzi)

Wakuu habari za majukumu. Nimekuwa msomaji tu humu ndani kwa muda mrefu, leo nimesema ngoja na mimi nilipe deni. Niko Glasgow mwaka wa tano huu, kazi yangu ni jikoni, nakata vitunguu na kuchemsha supu kwenye hoteli ambayo sitaitaja, na off zangu nyingi zimeishia kwenye viwanda vya wiski. Aliyeniambukiza huu ugonjwa ni mzee mmoja Mskoti tunayepika naye, siku moja tumefunga jiko saa sita usiku akanimiminia kidogo kwenye kikombe cha chai akasema nusa kwanza usinywe. Nikanusa. Nikamwambia hii inanuka hospitali. Akacheka mpaka akakaa chini.

Tuwekane sawa kidogo kabla sijaanza maana najua kuna watu humu watakuja na Hennessy (ile ni konyaki ya Ufaransa jamani, ya zabibu, sio wiski). Sheria yao ya 2009 inasema Scotch lazima itengenezwe Uskoti, ikae humohumo Uskoti kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua 3, na iingie kwenye chupa ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Hakuna kuongeza kitu zaidi ya maji na rangi ya karameli. Kwahiyo ukiona wiski imeiva rangi kama chai ya rangi usiseme mama yangu hii imekomaa, inawezekana ni karameli tu. Na ule umri kwenye lebo ni wa ile changa kuliko zote zilizomo ndani ya chupa, sio wastani.

Singo molti maana yake imetoka kiwanda kimoja na imepikwa kwa kimea cha shayiri peke yake. Blendi ni molti za viwanda tofauti zimechanganywa na wiski ya nafaka nyingine kama ngano au mahindi, ndo hizi Johnnie Walker tunazokuta kwenye harusi.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi. Nilipoanza nilinunua vitabu, nikawa nasoma kwamba wiski fulani ina harufu ya maua ya nyika zao, keki ya Krismasi ya bibi zao, sijui beri gani za porini, na mimi kwa miezi sita nzima nikawa naitikia tu ndio ndio nazisikia, muongo mkubwa. Sijawahi kula hiyo keki! Siku moja nikachukua daftari la oda za jikoni nikaandika nilichokisikia kweli: "ndizi sukari zimeiva zimesahaulika kwenye gunia". Ilikuwa Glenfiddich 12. Na toka siku hiyo ndo nikaanza kuonja wiski, huko nyuma nilikuwa nalewa tu kwa Kiingereza.

Nitaleta kwa mafungu nikitoka shifti. Uzi tayari.

Konyagi_Damu

Mkuu hongera kwa maisha ila huu ni uzi wa kutunyanyasa. Chupa moja hapo ni kodi ya nyumba yangu. Konyagi ndogo, ndimu, maisha yanaenda.

jamaa_wa_Umoja

Natia kambi hapa. Sisi huku Nairobi hizi vitu tunazinywa lakini ukweli usemwe hatuzionji, mtu anaagiza Black Label anaweka Coke juu alafu anakuambia ati yeye ni mtu wa wiski. Endelea buda.

kibo_baridi

Konyagi_Damu hapana, sinyanyasi mtu, na nitafika kwenye bei. Tuanze Speyside.

Speyside ni bonde la mto Spey kaskazini mashariki, viwanda vimesongamana kule kuliko sehemu nyingine yoyote ya Uskoti, unashuka basi Dufftown unasikia harufu ya uji wa kimea mji mzima. Historia yake itawafurahisha wapika gongo wote: kabla ya sheria ya kodi ya 1823 karibu wote kule walikuwa wanapika kwa magendo, milimani, wakijificha wakusanya kodi. Mwaka 1824 George Smith wa Glenlivet akaenda kukata leseni. Majirani zake walichukia vibaya mno, wakatishia kumchomea kiwanda, ikabidi awe anatembea na bastola mbili kiunoni. Yaani mtu anatembea na bastola kwasababu kalipa kodi!

Glenfiddich 12 nishaisema, ni ndizi sukari na peasi, laini, haina ugomvi. Mnamfundishia mtu. Wanajivunia kwamba mtambo wao ulianza kutoa pombe siku ya Krismasi 1887. Maksi 6 kwa 10.

Sasa Glenfarclas 15. Hapa nikae kidogo. Kiwanda ni cha familia ya Grant toka 1865 (sio Grant wa Glenfiddich, wanafanana jina tu), na wanalaza wiski yao kwa wingi kwenye mapipa yaliyokaa divai ya sheri kutoka Hispania. Ina asilimia 46. Nimemimina kimo cha kidole kimoja, nikaiacha dakika kumi huku nakunja nguo, nilivyorudi chumba kizima kinanuka tende. Tende zile za mwezi wa Ramadhani zilizoshikana shikana. Ukiingiza mdomoni inakuja halua ya Zanzibar yenye iliki, alafu mwisho kabisa uchungu wa kahawa ile ya kwenye vikombe vidogo, na uchungu unakaa, ukimeza mate upo, ukiongea upo. Nilikaa na kile kidole saa zima. Maksi 9 na sijaionea huruma.

Kumbukeni wiski ikitoka mtamboni ni nyeupe kama maji. Kali, asilimia karibu 70, ukinusa ni gongo safi iliyosoma shule. Rangi ya asili na ladha nyingi vinatoka kwenye pipa. Na mapipa mengi ni yaliyotumika: Marekani sheria yao inalazimisha bourbon ilale kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, kwahiyo wakimaliza wanabaki na mapipa hawana kazi nayo, Waskoti wanayanunua. Hayo yanatoa vanila na nazi. Ya sheri yanatoa matunda makavu. Ukishajua hilo tu, nusu ya lebo unaisoma mwenyewe bila kumuuliza muuzaji.

Bin_Shangani

Assalaam alaikum. Mie pombe situmii na wala sina nia, ila uzi huu umenivuta kwa sababu kazi yangu ni pua. Nauza udi na mafuta Muscat, mwaka wa kumi na moja huu. Hebu nikwambie kitu kaka, huko kuingiza pua yote ndani ya glasi kunaiua pua. Sisi mteja akija hatumpi chupa aichokonoe, tunampitishia kwa mbali mara mbili, halafu ya tatu ndio karibu. Na pua ikichoka usinuse kahawa kama wanavyofanya madukani, nusa mkono wako mwenyewe hapa ndani ya kiwiko. Harufu ya mwili wako pua imeshaizoea, inapumzika.

kibo_baridi

Waalaikum salaam Bin_Shangani, aisee nimejaribu hiyo ya kiwiko jana na imefanya kazi kuliko kozi niliyolipia. Shukrani sana sheikh. Naongezea ya kwangu: unaponusa acha mdomo wazi kidogo, kilevi hakikuchomi. Na glasi iwe yenye tumbo na mdomo uliobanwa. Wenyewe wanatumia Glencairn, ilitoka 2001, lakini hata glasi ndogo ya divai inatosha, ila sio zile glasi pana za kwenye sinema, zile zinaachia harufu yote inaenda kwa jirani.

Konyagi_Damu

Sasa mbona mnaanza kunusa viwiko. Pombe hii au tiba asili?

kibo_baridi

😂😂 Tulia, unakaribia mwenyewe.

Fungu la pili, nyanda za juu na visiwa vya kaskazini.

Glenmorangie hii Watanzania wote mnatakiwa kuijua kwasababu ya twiga. Kiwanda kiko Tain, cha 1843, na mitungi yao ya shaba ya kupikia ndo mirefu kuliko yote Uskoti, shingo peke yake mita 5.14, wenyewe wanasema ni urefu wa twiga mkubwa na wamemfanya twiga alama yao kabisa. Nilisimama chini yake shingo inauma. Sio urembo ile, mvuke mzito unashindwa kupanda juu kote kule unadondoka tena chini kupikwa upya, unaofika juu ni ule mwepesi tu, ndo maana wiski yao ina harufu ya machungwa ya Muheza na asali nyepesi. Maksi 7 na nusu, na ndo chupa ninayompa mtu ambaye ameniambia hapendi wiski.

Highland Park 12, hii ya Orkney, 1798. Hapa ndo tunaanza moshi. Uskoti wana piti, ni udongo wa kinamasi wa majani yaliyooza maelfu ya miaka, wanaukata kama tofali, wanaukausha, wanauchoma kama kuni ili kukausha kimea, na ule moshi unaingia kwenye shayiri na hautoki tena. Ila moshi unategemea kinamasi kilikuwa na mimea gani. Orkney upepo ni mkali miti hakuna, kwahiyo piti yao ni ya vichaka na maua, moshi wake mtamu, kama mtu anafukuza nyuki anarina asali kwenye mzinga wa kule Tabora. Maksi 8.

Talisker 10 ya kisiwa cha Skye, 1830, asilimia 45.8. Chumvi, moshi wa mbali, alafu ukishameza unadhani imeisha inakuja pilipili manga nyuma ya ulimi, kama umetafuna punje nzima kwenye pilau. Sijui inafanyaje na kila mara inanishtua. 8 na nusu.

Auchentoshan yenyewe ni ya nyanda za chini, hapa karibu na Glasgow, wanapika mara tatu badala ya mara mbili. Matokeo yake ni laini mpaka inaboa. Maksi 5, twende.

jamaa_wa_Umoja

Na maji? Kuna jamaa hapa job anasema ukiweka maji wewe ni mshamba, mwingine anasema bila maji hujui kitu. Nani mkweli?

kibo_baridi

Mwenye maji. Hata pale kiwandani wanaochagua mapipa wananusa wakiwa wameongeza maji. Na kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, 2017, walipiga hesabu kwenye kompyuta wakaona kwamba ukiipunguza wiski na maji, ile kemikali ya harufu ya moshi inayoitwa gwayakoli inapanda juu karibu na uso wa kinywaji, ambako pua inaikuta. Ila ni matone, sio kumwaga. Mimi natumia bomba la sindano lisilo na sindano, nilipewa na dada mmoja humu humu mtandaoni ambaye ni nesi, yupo Glasgow pia.

Nesi_wa_Clyde

Ndio mimi, na nilimwambia asinitaje 😅. Kwasababu keshanitaja ngoja niseme la hospitali, maana ile siku alinionjesha Laphroaig nikamwambia kaka hii nimeivaa kwenye yunifomu leo. Watu wanacheka lakini ni kitu kilekile. Moshi wa piti umejaa fenoli na ndugu zake. Fenoli jina lake la zamani ni asidi ya kaboliki, na hiyo ndo daktari Joseph Lister alianza kuifungia vidonda mwaka 1865 pale Glasgow Royal Infirmary, kabla ya hapo mtu alikuwa anafanyiwa upasuaji vizuri kabisa alafu anakufa kwa kidonda kuoza. Hata Dettol iko kwenye ukoo huohuo. Kwahiyo anayesema Laphroaig inanuka wodi hajaitukana, ametaja kemia yake. Mimi nikitoka nightshift siigusi, nahisi bado niko kazini.

kibo_baridi

Dada umemaliza. Na hata wenyewe walilitumia hilo, wakati Marekani imepiga marufuku pombe Laphroaig ilikuwa inaingizwa kama dawa. Afisa wa forodha akinusa anakubali tu, nani anywe hiki kitu kwa starehe.

Basi twende Islay. Inatamkwa AILA wakuu, sio islei. Unapanda basi Glasgow, unafika Kennacraig, unapanda feri kama saa mbili na kitu. Nilikwenda mwezi wa pili, kosa, bahari ilikuwa imechafuka nikatapika chai yote, mzee mmoja pembeni yangu anakula soseji kama hakuna kinachoendelea.

Ukishuka Port Ellen kuna njia ya miguu, viwanda vitatu vimepangana ufukweni kwenye kilomita tano hivi: Laphroaig, Lagavulin, Ardbeg. Laphroaig na Ardbeg ni vya 1815, Lagavulin 1816. Majengo meupe, jina la kiwanda limeandikwa kwa herufi nyeusi kubwa ukutani upande wa baharini, maana zamani mizigo ilikuja kwa meli. Nilitembea yote kwa miguu huku mvua inanyesha kwa ubavu.

Laphroaig 10. Bandeji, iodini, mwani uliotupwa na maji ukaanza kukauka, na chini yake kuna utamu mdogo wa vanila unaona aibu kutoka. Kwa mara ya kwanza niliichukia. Mara ya pili nikaichukia lakini nikaikumbuka kesho yake kwenye basi. Maksi 8. Na hiki kiwanda kuanzia miaka ya 50 mpaka 1972 kiliongozwa na mwanamke, Bessie Williamson, alikuja kama karani wa muda akaishia kuwa mmiliki. Wanaosema wiski ni ya wanaume mkasome hapo.

Ardbeg 10, asilimia 46. Kwenye karatasi ndo yenye moshi mwingi kuliko zote tatu, ila ukinywa ni ndimu kwanza, ndimu iliyochomwa kwenye makaa, alafu lami ya barabara mpya. Maksi 8 na nusu.

Lagavulin 16. Sina maneno mengi. Hii moshi wake haukurukii, unakaa kwenye nguo. Ni kama umeingia nyumba ya mtu waliofukiza udi asubuhi na wewe umefika saa kumi jioni, udi umeshazimika, ila pazia linanukia. Maksi 9 na nusu.

Bin_Shangani

Yaani mmeona haitoshi mmeutia na udi wetu ndani 😂. Ila nitasema haki, umeeleza vizuri. Udi mzuri ndivyo unavyojulikana, si pale unapofuka, ni kesho yake kwenye buibui. Unaofuka sana na kesho haupo, huo wa mafuta ya kutengeneza.

Fundi_Mita

Wakuu naomba kuuliza, nilinunua singo molti ya miaka 18 kwenye duka moja Dar sitalitaja, kwa bei ya kutupa, muuzaji anasema ni mzigo wa mtu wa ubalozi. Nimefungua inanuka ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Ndo hiyo lami mnayosema?

kibo_baridi

Fundi hapana hapana hapana, usinywe. Mwaga. Pombe ya kuchakachua haina mchezo, watu wanapofuka macho. Angalia: karatasi ya shingoni ilikuwa inazunguka ukiishika? Lebo imekaa upande? Ujazo ndani ya chupa ulikuwa umepungua kabla hujafungua? Na akili ya kawaida tu, wiski imelala miaka 18 kwenye pipa, kila mwaka kama asilimia 2 inapotea hewani (wenyewe wanaita fungu la malaika), kodi ya ghala juu, alafu ikufikie Dar kwa bei ya kutupa? Malaika wenyewe wangeshangaa.

Fundi_Mita

Karatasi ilikuwa inazunguka. Dah. Laki na nusu yangu.

Konyagi_Damu

Pole mkuu. Ndo maana nasema Konyagi. Sasa mwenye uzi, swali la kweli, Black Label ni takataka? Maana nyie wa singo molti mnatuangalia vibaya.

kibo_baridi

Sio takataka hata kidogo na anayesema hivyo anajipandisha tu. Johnnie Walker mwenyewe alianza 1820 na duka la vyakula Kilmarnock, anauza chai na viungo, na ukiangalia, kuchanganya wiski na kuchanganya majani ya chai ni ufundi wa aina moja: unataka mteja akirudi mwakani akute ladha ileile. Black Label ni miaka 12, ndani kuna molti za Islay, ndo ule moshi mdogo unaousikia mwisho. Kwa pesa yake ni chupa ya heshima, 7 kabisa. Red Label weka soda, haitanuna.

Na kwa joto la Dar mimi siwezi kukukataza barafu, ila barafu inabana harufu. Mimi nikiwa nyumbani naweka chupa kwenye friji dakika ishirini, naitoa, namimina kavu. Kwenye joto la nyuzi 32 kilevi kinaruka chote puani, husikii kingine.

Sasa fungu la mwisho ndo nililokuwa nalitafuta toka mwanzo. Campbeltown.

Huu mji uko mwisho wa rasi ndefu magharibi, basi linachukua zaidi ya saa nne toka Glasgow na barabara ni kona tupu. Zamani ulikuwa na viwanda zaidi ya ishirini, leo vimebaki vitatu vya zamani: Springbank, Glen Scotia na Glengyle. Springbank ni ya 1828, na kimea chote wanachotumia wanakiotesha wenyewe sakafuni palepale. Viwanda vingi siku hizi vinaletewa kimea kwa lori.

Wakatupandisha ngazi ya mbao mpaka ghorofani, dari iko chini naiinamia, na sakafu nzima imetandazwa shayiri mbichi kina cha kama kiganja, imeanza kutoa vijimizizi vyeupe. Kijana mmoja anaigeuza kwa koleo la mbao, anaivuta, anaigeuza, isishikane isipate moto. Zamani waliofanya hiyo kazi bega moja lilikuwa linalegea linaning'inia.

Nikanusa nikasimama. Wenzangu wakaendelea na mimi nimebaki pale mlangoni. Wakuu ile ni harufu ya nyuma ya nyumba ya bibi Kibosho. Bibi yangu anapika mbege (pombe yetu ya ndizi na ulezi) mpaka leo, analoweka ulezi, anaufunika kwenye majani ya migomba mpaka uchipue, alafu anauanika kwenye mkeka na sisi wajukuu tunawekwa kufukuza kuku. Harufu ileile, ya kijani, ya maji maji, kama tango limekatwa karibu na udongo. Nimesafiri kilomita elfu ngapi kuja kusimama uani kwa bibi.

Springbank wanapika wiski tatu humohumo. Hazelburn kimea chake kinakaushwa kwa hewa moto tu na inapikwa mara tatu. Longrow kimea kinakaa kwenye moshi wa piti saa 48, inapikwa mara mbili. Springbank yenyewe moshi saa 6 tu alafu hewa moto, na inapikwa mara mbili na nusu, wakanielezea kwa ubao hiyo nusu na bado sijaelewa vizuri. Springbank 10, asilimia 46: ulezi uliokaangwa, chumvi ya upepo, mafuta kidogo kama ya korosho yanabaki kwenye midomo, ndizi iliyochomwa kwenye majivu. Maksi 10. Najua mtasema ni kwasababu ya bibi. Ndio, ni kwasababu ya bibi. Kuipata ni kama tiketi ya Simba na Yanga, nilipata chupa moja tu palepale dukani kwao.

Nesi_wa_Clyde

Na ya Desemba mbona hujaisema? Malizia.

kibo_baridi

Sawa. Desemba nilirudi nyumbani kama Wachaga wote, nimebeba Lagavulin na ile Springbank. Baba mdogo akanusa Lagavulin akasema hii imepikiwa kwenye nyumba ya kuni isiyo na dirisha, akairudisha mezani, akafungua bia yake. Nikasema sawa.

Bibi alikuwa amekaa pembeni anamenya ndizi. Nikampelekea Springbank kwenye kikombe cha bati, matone tu, nikamwambia shikamoo bibi, nusa hii pombe ya huko ninakokaa. Akafuta mikono kwenye kanga. Akanusa muda mrefu kuliko baba mdogo. Akaniuliza, "Hawa kimea chao wanakianika wapi?" Nikamwambia bibi kwao jua hakuna, wanakikausha na moshi. Akanusa tena. Akaonja ncha ya ulimi, akakunja uso, akasema ni kali mno na haijatiwa msesewe (lile gome chungu la mti tunalotia kwenye mbege), ila anayekiotesha kimea anajua kazi. Akanirudishia kikombe akaendelea na ndizi zake.

Mimi nikabaki nimekishika kile kikombe. Vitabu vyote nilivyonunua hakuna hata kimoja kilichoniambia nianze na kimea.

jamaa_wa_Umoja

Wueh. Bibi apewe kazi hapo Campbeltown.

Fundi_Mita

Mkuu tupe matamshi basi tusije tukaaibika airport. Hizi zilizoandikwa kama neno la siri la wifi.

kibo_baridi

Hahaha. Laphroaig ni LA-FROIG. Bruichladdich ni BRUK-LADI. Bunnahabhain BUNA-HAVEN. Caol Ila KAL-ILA. Glen Garioch, shikilia hapo, ni GLEN GIRI. Ni Kigaeli hicho, na hata neno wiski limetoka huko, uisge beatha, maana yake maji ya uzima. Wachungaji wa kwetu msinipige mawe, sikulitunga mimi.

Ya kuanzia kwa anayepita uwanja wa ndege: kama hujawahi, Glenmorangie. Kama unapenda choma, Talisker. Usianze na Laphroaig alafu uje kunitukana humu.

Konyagi_Damu

Wakuu narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita. Shemeji yangu kapita airport nikamtuma Talisker 10. Nimefanya kila kitu, glasi ya divai, mdomo wazi, kiwiko nimenusa mke wangu ananiangalia. Nimeweka matone. Kwangu mimi inanuka mashua ya dizeli imebeba dagaa. Hiyo pilipili manga ya mwisho ipo kweli, hapo sikupingi, ila haijanikaa, maksi 4, samahani.

Tatizo ni mama watoto. Kaonja kidogo akasema inanukia kama kanga iliyofukizwa ikakunjwa kabatini. Chupa iko nusu na mimi nimekunywa mara moja tu.

kibo_baridi

Mwambie shemeji yetu, mama watoto, afungue ID yake. Na mwambie nasubiri maksi zake.